Anza na kanda za mama, santuri za babu zitakusubiri

Msomaji wa Isevya, Tabora, ameuliza hivi: "Shikamoo fundi. Babu alifariki mwaka juzi akatuachia sanduku la bati lenye santuri kama arobaini, nyingi ndogo, chache kubwa na nzito ajabu. Mama naye ana kanda kumi na moja za video: harusi yake ya mwaka 1996, arobaini ya bibi, na nyingine hazijaandikwa kitu. Nina laptop na jioni zangu ziko huru. Nataka kuzihamishia zote kwenye kompyuta kwa mkono wangu, polepole, kwa kujifurahisha. Nimeona mashine ya santuri ya mfano wa begi, ina waya wa USB na bei yake si mbaya. Nianze na hiyo? Na kwa upande wa kanda ninunue nini?"

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa babu. Swali lako limenikuta hapa Mwanga, Kigoma, nimefungua deki ya mtu na bisibisi iko mkononi. Wewe umetaja santuri kwanza. Mimi nasema funga hilo sanduku, liondoe kwenye chumba ambacho bati lake linapigwa na jua mchana kutwa, lipeleke penye kivuli, santuri zisimame wima kama vitabu, kisha zisahau kwa miezi miwili mitatu. Anza na kanda.

Wimbo kwenye santuri umechongwa. Ni mfereji kwenye plastiki, na mfereji hauendi popote usipochezwa wala kuunguzwa na jua. Mjukuu wako ataukuta. Kanda ya video ni kitu kingine kabisa: utepe mwembamba wa plastiki, upana wake milimita 12.7, umepakwa unga wa sumaku ulioshikwa na gundi. Gundi ile hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, hata kanda ikiwa kabatini haijaguswa. Harusi ya mama yako ina umri wa miaka thelathini hivi, na kwa kanda huo ni uzee. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda zitakazokuwa hazijahamishwa kufikia 2025 nyingi zitapotea, na hoja yake haikuwa kanda peke yake bali mashine za kuchezea, vipuri, na mafundi wanaozijua. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuunda deki za VHS, yaani za kanda kama hizi, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Kwa hiyo kila deki utakayoiona leo imeshatumika, na kila mwezi zinapungua.

Manunuzi yako ya kwanza basi ni deki, na ikiwezekana deki mbili. Usihangaike na intaneti mwanzoni. Zunguka Tabora kwa miguu, uwaulize waliokuwa wakipiga video za harusi na waliokuwa na vibanda vya kuonyesha filamu au maktaba za kukodisha kanda. Vifaa vyao mara nyingi bado vimo stoo chini ya magunia. Kumbuka Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994. Kabla ya hapo mwenye runinga Tabora au Kigoma mara nyingi aliinunua kwa ajili ya deki, ndiyo maana deki zilikuwa nyingi mitaani kuliko vijana mnavyodhani. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua yenye hedi nne, yaani vile vichwa vidogo vinavyosoma utepe, na maandishi ya Hi-Fi usoni. Hedi nne husaidia kanda zilizorekodiwa kwa mwendo wa taratibu, ule wa LP, ambao watu waliutumia ili kanda ya saa tatu ibebe saa sita.

Siku ya kuijaribu, usiitie kanda ya harusi. Nalirudia kwa sababu kila mtu analivunja: usiitie kanda ya harusi. Tia filamu yoyote ya kizamani isiyo na mwenyewe, icheze dakika ishirini, iondoe, ifunue kifuniko uangalie utepe. Ukiona umekunjwa ukingoni kama pindo la kanga, deki hiyo ina ugonjwa, mara nyingi gurudumu lake la mpira limekauka likang'aa. Ukitoka salama, rudia na filamu nyingine. Hapo ndipo uanze kufikiria kanda za nyumbani.

Kabla ya kanda kuingia kwenye deki, itazame. Ina kidirisha usoni. Washa tochi, uielekeze kwa mshazari kwenye utepe uliojiviringa ndani. Utepe mzima ni mweusi na unang'aa sawasawa. Ukiona vumbi jeupe kama unga wa muhogo limekaa kwenye kingo za mviringo, au madoa kama pamba nyembamba, huo ni ukungu, na kanda hiyo haiingii kwenye deki yako nzuri kwa hali yoyote. Hili nililipia. Kuna mteja wa Ujiji aliniletea kanda tano, nikatia ya kwanza bila kuitazama kwa kuwa nilikuwa na haraka. Picha ilikuja kama mvua. Nikaitoa, nikatia ya pili, mvua ileile. Ukungu ulikuwa umeshika hedi, na kutoka hapo nikawa naupaka mwenyewe kwenye kanda nyingine nne zilizokuja safi. Sisi wa ziwani unyevu ndio adui. Ninyi Tabora mna nafuu kidogo kiangazi, ila vumbi lenu la Agosti linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Kanda yenye ukungu hufunguliwa nje ya nyumba, pua na mdomo vimefunikwa, skrubu tano za chini zinatolewa, kingo zinapanguswa kwa kitambaa kikavu laini, kisha inapitishwa kwenye deki mbovumbovu uliyojitolea kuipoteza. Kwa anayeanza, iweke pembeni hadi umezoea mkono.

Zile safi, kila moja ina mambo mawili kabla ya kuchezwa. Mgongoni mwa kanda kuna kijino cha plastiki. Kama bado kipo, kivunje kwa bisibisi, maana kikiwapo kidole kimoja kikikosea kitufe cha kurekodi harusi inafutika. Halafu ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe mwanzo, bila kucheza. Utepe uliokaa miaka ishirini bila kusogea hugandana na kulegea sehemu sehemu, na safari hiyo moja ya kwenda na kurudi huufungua na kuukaza upya.

Kusafisha hedi wengi wameharibu kwa pamba za masikio. Zile nyuzi zake hunasa kwenye ncha ya hedi, na ncha hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Chomoa deki kwenye umeme, fungua kifuniko, chukua karatasi nyeupe safi isiyo na wino, ilowanishe kwa spiriti ya isopropili, ile kali ya asilimia 99. Ibandike taratibu kwenye ile ngoma inayong'aa, uishike bila kuisogeza, kisha izungushe ngoma kwa kidole kutoka juu. Karatasi isimame, ngoma ndiyo izunguke. Usisugue juu na chini hata mara moja. Utaona msitari wa kahawia kwenye karatasi. Badili karatasi hadi itoke nyeupe, ngoja spiriti ikauke, ndipo urudishe umeme.

Sasa kuingiza picha kwenye laptop. Nyuma ya deki kuna matundu matatu: la njano la picha, jeupe na jekundu ya sauti. Deki ya mono itakuwa na jeupe tu, usidhani limeibiwa jekundu. Unahitaji kifaa kidogo cha kunasa, kinachochomekwa USB upande mmoja na nyaya hizo tatu upande wa pili. Viko vya bei rahisi vinavyouzwa kwa jina la EasyCap, na ubora wake ni bahati nasibu, lakini kwa kuanzia vinafanya kazi. Usinunue vile viboksi vinavyogeuza njano kuwa HDMI. Vingi huivuta picha ikawa pana, bibi harusi akanenepa, na hukoroga mistari ya picha kwa namna isiyorudishika.

Kanda zetu ni za mfumo wa PAL: mistari 625 ambayo 576 ndiyo yenye picha, na fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ikiwa imegawanywa nusu mbili zinazopishana. Hizo nusu ndizo zinazoleta meno kama ya kitana pembeni mwa mtu anayecheza ngoma unapoitazama kwenye kompyuta. Pakua programu ya kurekodi iitwayo OBS, ni ya bure. Weka ukubwa wa 768 kwa 576, mwendo wa 50, kisha bofya kulia kwenye jina la kile kifaa ndani ya OBS, ingia Deinterlacing, uchague namna ya kuondoa meno iitwayo Yadif 2x. Kwa mwendo huo miguu ya wachezaji inabaki laini kama ilivyokuwa kwenye runinga. Kasi ya kurekodi iweke megabiti 8 kwa sekunde. Saa moja itakula gigabaiti 3.6, kanda ya saa tatu kama 11. Kwa kanda moja ile ya thamani kuliko zote, ukishazoea, tumia VirtualDub, nayo ya bure, inayohifadhi bila kubana chochote kipotee. Jiandae tu kwa gigabaiti 30 hivi kwa saa.

Kitu cha kuangalia kabla ya kubonyeza kurekodi ni shela. Vifaa vya bei rahisi hupandisha mwanga, na shela la bibi harusi linageuka karatasi nyeupe tupu, hakuna mkunjo wala ua. Simamisha jicho hapo, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, shusha mwanga na ukali hadi mikunjo ya kitambaa irudi. Hili lifanyike kabla, kwa sababu weupe ukishachomeka kwenye faili hakuna programu itakayofuma shela upya. Ule mstari unaochezacheza chini kabisa ya picha usikutishe. Upo kwenye kanda zote za VHS, runinga za zamani zilikuwa zinauficha nyuma ya fremu.

Kama sauti inaanza sawa na midomo halafu baada ya nusu saa inachelewa, kifaa kinapoteza fremu kila kanda inapoyumba. Dawa niitumiayo ni ya ajabu kidogo: napitisha picha kwenye rekoda ya DVD ya zamani kabla ya kuifikisha kwenye kompyuta. Sirekodi DVD yoyote, inapita tu. Baadhi ya rekoda za Panasonic, hasa DMR-ES10, hunyoosha picha inayotetemeka kuliko kifaa chochote cha bei hiyo. Ukiiona kwa mtu anaiuza kama chuma chakavu, usimwambie nimekwambia.

Zikikujia kanda za ndugu walioko Marekani, zitakuwa za mfumo wa huko, NTSC, na deki ya kawaida ya kwetu itazirusharusha. Sisi huku mpakani tunapata pia za mfumo wa Kifaransa, SECAM, ambazo kwenye deki ya PAL hutoka nyeusi na nyeupe. Mtu huja analia kwamba kanda imefutika rangi, kumbe deki tu haiielewi.

Halafu usizime mapema. Kanda zilikuwa ghali, watu walirekodi juu ya kitu kingine. Niliwahi kuhamisha harusi moja ya mjini hapa. Sherehe ikaisha, wageni wakatoka, ikaja buluu tupu. Nilikuwa napika chai nikaiacha. Dakika kumi na tano baadaye nikasikia sauti ya mzee. Nikarudi, nikamkuta amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, anamkanya aliyeshika kamera asimpige akiwa bado hajavaa kofia. Dakika nne tu, halafu kanda ikaisha. Ilikuwa mabaki ya mwanzo, kabla harusi haijarekodiwa juu yake. Mwenye kanda alipoiona alikaa chini. Alikuwa baba yake mkubwa, na hawakujua kama kuna mtu aliwahi kumchukua video akisema.

Kwa hiyo hizo kanda zako zisizoandikwa ziache ziende hadi zijizime zenyewe. Na mama akae nawe siku ya harusi yake. Weka simu mezani ikirekodi sauti yake akitaja watu: yule wa gauni la kijani ni mke wa fulani, yule mpiga ngoma alikuwa jirani wa Ng'ambo. Picha kompyuta itaitunza, lakini majina yamo kichwani mwa mama tu.

Kama miaka ya 2000 mtu aliwahi kuihamishia harusi hiyo kwenye VCD dukani, usiseme tayari imeokolewa. VCD ilibeba picha ya 352 kwa 288, yaani robo ya ile iliyomo kwenye kanda, tena iliyobanwa sana. Kanda mama bado ndiyo bora, hata ikiwa na mikwaruzo.

Tuje kwa babu. Mashine ya begi, hapana. Mkono wake hauna uzito wa kusawazisha nyuma, sindano inakandamiza kwa gramu tano au zaidi, na kichwa chake ni cha aina ya kauri kisichojua upole. Haitaua santuri kwa mara moja, lakini kila mara inapopita inachukua kidogo cha sauti za juu, na santuri za babu zimeshapigwa vya kutosha. Katika kazi hii fedha inakwenda upande wa kuchezea. Kompyuta yoyote inatosha. Kile ambacho sindano imeshindwa kukiokota hakitaongezwa na programu, na ndivyo ilivyo kwa hedi ya deki. Kama unaweza kusubiri na kuchanga, tafuta AT-LP120XUSB ya Audio-Technica, mpya au ya mkononi. Ina mizunguko ya 33, 45 na 78 kwa dakika, uzito wa sindano unaurekebisha mwenyewe, ambao kwa sindano inayokuja nayo ni gramu 2, na ina USB. Ndugu yake mdogo, LP60XUSB, ni nafuu na inatosha kwa zile ndogo, ila haina 78.

Nimeitaja 78 kwa sababu ya neno lako "kubwa na nzito ajabu". Gonga moja kwa ukucha, kwa upole. Ikilia kama sahani ya udongo, hiyo si plastiki, ni shelaki, utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe. Hivyo ndivyo zilivyokuwa santuri za miaka ya hamsini, zikiwemo nyingi za Leopoldville, Kinshasa ya leo, zenye lebo kama Ngoma na Loningisa, zilizovuka ziwa na kupanda treni hadi kwenu. Zinavunjika kama chungu, zibebe kwa mikono miwili. Mfereji wake ni mpana, na sindano ya kawaida inazama chini kabisa kwenye takataka badala ya kuegemea kuta, ikaleta mkwaruzo mtupu. Sindano ya 78 inauzwa peke yake. Kwenye mashine niliyoitaja unachomoa ya kwanza na kuchomeka ya pili, hakuna kuchomelea. Hadi uipate, usiziguse.

Wala usizipake spiriti. Spiriti huyeyusha shelaki. Niliijua kanuni hiyo, nikajidanganya kwamba kidogo haidhuru. Kitambaa kilitoka cheusi, na pale nilipopangusa wimbo ulibaki kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Ilikuwa ya kwangu mwenyewe, nashukuru kwa hilo.

Zile ndogo za plastiki zioshe zote kabla ya kucheza, maana vumbi la Tabora likiwa ndani ya mfereji sindano inalisaga kama jiwe la kusagia. Tumia maji ya betri, yale safi ya kuongezea yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri usije ukachukua tindikali. Hayana chumvi, kwa hiyo yakikauka hayaachi doa. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye bakuli, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, pangusa kwa kufuata mzunguko wa mistari, usikate katikati, na karatasi ya lebo isilowe. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, zisimamishe kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Iliyopinda usiianike juani ukidhani itanyooka.

Nyingi kati ya hizo ndogo zina tundu kubwa katikati, linahitaji kile kidude cha kuzibia. Na tundu lenyewe mara nyingine lilitobolewa kando kidogo kiwandani. Utajua kwa sauti ya gitaa kuyumba, inapanda na kushuka kila mzunguko kama mlevi anayejaribu kunyoosha. Tazama mkono: kama unakwenda kushoto na kulia, toa kidude, isogeze santuri kwa kidole nusu milimita kuelekea upande mmoja, jaribu tena. Inachosha, lakini wimbo ukitulia utafurahi mwenyewe.

Santuri ilipochongwa besi zilipunguzwa na sauti za juu zikaongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954 na kuenea kote. Mashine yenye kikuza sauti cha santuri ndani huirudisha hali sawa. Ukiunganisha bila hicho kikuzaji utasikia sauti nyembamba kama redio ya betri zilizoisha. Hapo tatizo ni swichi ya nyuma, geuza. Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, funga waya wa eathi kama upo, na chomoa chaja ya laptop. Wimbo wa 45 ni dakika tatu nne, betri itavumilia.

Programu ni Audacity, bure. Acha sauti ipande hadi kwenye alama ya -6 pale wimbo unapokuwa mkali zaidi, isiguse sifuri. Hifadhi kwanza kama WAV, bila kuipamba kwa lolote. Kwa biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde ni megabaiti kama 10 kwa dakika. Tuseme thelathini na tano kati ya zako ni hizo ndogo, pande mbili mbili. Zote hazifiki gigabaiti tatu. Kisha fanya nakala ya pili, na hiyo ndiyo ucheze nayo. Nyingi zitakuwa za mono, lakini rekodi kwa stirio. Baadaye sikiliza kushoto peke yake na kulia peke yake: ukuta mmoja wa mfereji mara nyingi umelika kuliko mwenzake, chagua ulio mzima. Ikiwa zote sawa, ziunganishe, na sehemu ya mikwaruzo itajifuta yenyewe. Ile dawa ya kuondoa kelele itumie kwa kidole kimoja. Vijana wananiletea nyimbo walizosafisha hadi mwimbaji anasikika yumo ndani ya mtungi. Mkwaruzo kidogo si aibu.

Ukifika hapo, usizihamishe zote kwa mstari. Kama babu alikuwa na Jim Reeves, mrudishe kwenye sanduku; ameshahifadhiwa vizuri kuliko utakavyoweza. Tafuta lebo zenye Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, na majina usiyoyajua kabisa. Bendi zetu zilirekodi kwenye studio ya redio Dar es Salaam, au zilisafiri hadi Nairobi, ambako santuri zao nyingi zilichapwa, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikabana. Ile ambayo huioni popote mtandaoni huenda imebaki mikononi mwa watu wachache, babu yako akiwa mmoja. Ipige picha lebo pande zote mbili, pamoja na namba zilizochongwa kwenye plastiki karibu na katikati, uziweke kwenye folda moja na wimbo.

Kuzisikiliza nyumbani na ndugu hakuna atakayekuuliza. Kuzipandisha YouTube ni jambo lingine: sheria yetu ya hakimiliki ni ya 1999, na wenye nyimbo au warithi wao bado wapo, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza. Nakala weka kwenye diski mbili za nje, moja kwako, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, ikipanda treni kuja Kigoma si mbaya. Flashi si ghala, na DVD za kuchoma nimeziona zikifa kabla ya kanda. Kanda zenyewe usizitupe.

Msimu wa mvua, radi ikianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani hata kama kanda iko katikati.

Jioni ya leo usinunue chochote. Omba mama akupe hizo kanda kumi na moja, kaa nazo mezani, washa tochi ya simu, utazame kidirisha cha kila moja kwa mshazari. Zenye unga mweupe zifunge kwenye mfuko wa peke yake, zisikae na wenzake. Nyingine zipe namba kwa kalamu, kuanzia moja.